Sauti ya Kubu

Mzee Lucjan Sobieraj hajaonja aiskrimu tangu mwaka 1981. Hata Julai, watu wanapozurura Mtaa wa Piotrkowska wakilamba koni, yeye kajifunga skafu ya kijivu shingoni kama mtoto mwenye mafua. Chai yake ni ya vuguvugu, bia baridi haigusi, na ukifungua dirisha nyuma yake atakuuliza kama mna ugomvi. Koo ndilo lililomlisha maisha yake yote, na mtu halali na mlango wa ghala wazi.

Kazi yake ni kusoma filamu. Hapa Poland filamu ya kigeni ikionyeshwa kwenye televisheni, hawatafutwi waigizaji wa kurudia maneno. Mtu mmoja anasoma ya wote, ya bibi harusi na ya muuaji, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, na filamu ikiisha anajitaja: amesoma fulani. Basi. Mgeni akisikia mara ya kwanza hudhani televisheni imeharibika. Mwenyeji hawezi kulala bila sauti hiyo.

"Msomaji mzuri hayupo," Mzee Lucjan alikuwa akiwaambia vijana waliokuja kujifunza kwake. "Ukilia, umeiba machozi ya mwigizaji. Ukicheka, umemwibia kicheko. Wewe soma, halafu nenda nyumbani."

Watu wa studio walikuwa wakimtania kwamba hata alipomchumbia marehemu mkewe alitumia sauti hiyohiyo, na mama wa watu akadhani anasomewa taarifa ya habari. Naye alijibu, bila kupandisha wala kushusha, kwamba alikubaliwa papo hapo, kwa hiyo taarifa ilieleweka.

Mimi ni fundi wake wa sauti. Naitwa Mbaruku, mzaliwa wa Tanga, nilikuja Łódź mwaka 1986 kusoma lugha na kisha umeme, nikaoa hapa, nikazika hapa. Wao wananiita Baruku, na nimeshachoka kuwasahihisha. Tangu mwaka 1996 nakaa upande huu wa kioo, naye upande ule, yeye anasoma na mimi nageuza vitufe. Naijua pumzi yake kuliko daktari wake. Nikisikia anavuta hewa kwa pua ya kushoto, najua jana amekula samaki wa chumvi.

Lakini sauti yake niliijua kabla sijamjua yeye, na hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo.

Kuna kitabu ambacho kila mtoto wa nchi hii amekisoma au amesomewa. Kinaitwa *Puto la Profesa*. Kina umri wa miaka zaidi ya mia. Kijana Olek anajificha melini, anafika Afrika kumtafuta profesa aliyepotea na puto lake la kuruka, anavuka mito na majangwa, na mwisho wanarudi Poland kwa njia ya mawingu. Ni kitabu kitamu, sitawadanganya. Ila ndani yake kuna mtumishi wa Olek, Kubu, mtu mzima mwenye ndevu, na kwa kurasa mia tatu mtu mzima huyo anaogopa kioo, anaiba sukari, anambeba kijana wa miaka kumi na mbili mgongoni, na kila akifungua mdomo anasema, "Kubu taka kula, bwana mdogo! Kubu ogopa puto, puto shetani mkubwa!" Halafu anacheka.

Mama yake Lucjan alikuwa mfumaji katika kiwanda cha pamba, huko Bałuty, mtaa wa wafanyakazi hapa Łódź. Nyumbani kwao palikuwa na kitabu kimoja tu mbali na Biblia, na kilikuwa hicho. Mama alirudi mikono inanuka mafuta ya mashine, akavua kitambaa, akamsomea mwanawe kurasa mbili karibu na jiko. Alikuwa mwanamke asiyecheka. Maneno ya Kubu pekee ndiyo yaliyomchekesha. Mtoto akangojea siku nzima ili Kubu aje, mama acheke.

Kwa hiyo mwaka 1987, Lucjan alipoitwa kukisoma kitabu hicho kwenye kanda za watoto, mama ameshafariki, alifanya jambo ambalo hakulifanya kabla wala baada. Wote aliwasoma kwa sauti yake iliyonyooka, profesa, nahodha, Olek mwenyewe. Kubu alimpa sauti. Ya puani, ya juu, inayorukaruka, na mwishoni kicheko kirefu cha hi-hi-hi. Kanda zilinunuliwa nchi nzima, na watoto wakajifunza kicheko kile kabla ya kujifunza jedwali la kuzidisha.

Mimi nilikuwa mwanafunzi. Nikipanda tramu, kuna mtu atasema puani, "Kubu taka kula!" Na tramu nzima hi-hi-hi. Si watoto tu. Watu wazima wenye mikoba. Mwaka mzima, miaka miwili, mitano. Nilipoajiriwa studio, siku ya kwanza, nikamsikia Mzee Lucjan anasafisha koo, nikajua. Sikusema. Kwanza nilihitaji kazi. Baadaye alikuwa rafiki yangu. Baadaye tena ilikuwa imechelewa, na jambo likichelewa sana linakuwa aibu ya aliyelinyamazia. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa, Mzee Lucjan ana binti, Honorata, na Honorata ameolewa na Mzambia, Kabwe, anayewanyoosha watu viungo hospitalini. Mtoto wao ni mmoja, Jagna, ana miaka kumi na moja. Mzee anavyompenda mtoto yule ni kichekesho. Mtu aliyekataa kusimamisha kurekodi hata studio iliponuka moto, Jagna akipiga simu anavua vipokea sauti na kuniambia, "Baruku, dunia isubiri."

Jumatano Jagna akitoka shule huenda kwa babu yake kula kopytka, vile vipande vya viazi na unga vinavyokaangwa kwa siagi, kisha babu anamsomea. Tangu mke wangu Danuta alipofariki, Jumatano ni siku yangu pia.

Septemba mwaka jana mama mmoja wa kampuni ya vitabu, Bi Otylia, alipiga simu studio. Walitaka kurekodi *Puto la Profesa* upya. Mzee Lucjan aliwaka uso kwa furaha, na mimi nikiwa upande wangu wa kioo nilisikia kila kitu.

"Ila Kubu awe yuleyule, Bwana Lucjan! Watu wanamkumbuka!"

"Huyu hapa," akasema mzee, na akamtolea sauti ile kwenye simu, pamoja na hi-hi-hi. Ilikuwa haijazeeka hata siku moja.

Nilishusha kitufe mpaka sifuri. Nilimchukia kwa muda wa dakika nzima, halafu nikampelekea chai yake.

Jumatano ya wiki hiyohiyo Jagna alikuja, akavua viatu, akavaa ndara za nyumbani, lakini hakumbusu babu yake. Alikaa mbele ya sahani na kuvizungusha vile viazi kwa uma.

"Una nini, kipenzi?" mzee akauliza. "Mwalimu kakupa alama mbovu, mbili?"

"Sina njaa."

"Mtoto wa Bałuty hana njaa! Baruku, piga simu kwa padri."

Jagna hakucheka. "Wananiita Kubu," alisema.

Sikuinua macho.

"Tunasoma *Puto la Profesa* darasani," akaendelea. "Mwalimu amesema ni kitabu cha zamani na sisi ni watoto wenye akili. Haya, wenye akili wameipata ile kanda kwenye simu. Wananiwekea sikioni korido nzima. 'Kubu taka kula, Kubu taka kula.' Na ule mcheko. Nikiwafukuza wanacheka kama yeye."

"Kama nani?"

"Huyo anayesoma. Babu, wewe unawajua wasomaji wote. Ni nani huyo mjinga?"

Jikoni friji ilikuwa ikinguruma. Mzee Lucjan aliweka uma chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja meza.

"Ni kanda za zamani, mwanangu," akasema, kwa sauti yake ya kazini. "Wengi wao wameshakufa."

Akajiua hivyo, hapohapo, mbele ya viazi.

"Afadhali," alisema Jagna. Kisha akatoa machozi, akayafuta kwa mkono wa sweta. "Halafu puto lenyewe ni zuri, Babu. Pale wanapopita juu ya ziwa na wanawaona samaki kutoka juu. Nimepasoma mara tatu. Kingekuwa kitabu kibaya chote ningekitupa tu."

Alipoondoka, mzee alinifuata hadi kwenye ngazi, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Usinitazame hivyo, Baruku."

"Nimekutazamaje?"

"Kama polisi."

"Umemwambia mtoto umekufa."

"Nimesema wengi! Na wengi wamekufa kweli, uliwazika na wewe." Akashika ukingo wa ngazi. "Ile kanda... wewe uliwahi kuisikia?"

"Tangu themanini na nane. Ndani ya tramu. Walikuwa hawahitaji hata kanda, walikuwa wananiona mimi tu."

"Miaka ishirini na saba tunakaa chumba kimoja, hukusema!"

"Ningesemaje, Mzee Lucjan? 'Habari za asubuhi, jaribu maikrofoni, halafu uliniharibia ujana'?"

"Mimi sikuandika kile kitabu," akasema. "Nilisoma tu."

"Umesoma filamu elfu ngapi? Nani mwingine uliyempa sauti?"

Alitafuta. Nilimwona anatafuta, ngazi nzima inanuka kabichi ya jirani, na hakumpata. Nikashuka zangu.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mtoto yule alikuwa akiliwa na skafu ya kijivu aliyokuwa akiikumbatia kila Jumatano. Nilidhani mzee atakwenda kumwambia kesho yake. Hakwenda. Mtu aliyezoea kutokuwepo haanzi kuwepo kwa siku moja. Badala yake alikuja studio Jumatatu akiwa amenyoa ndevu na ana mpango. Atasoma kitabu upya, kila neno, hakatwi mtu wala sentensi, lakini Kubu atasomwa kama nahodha na profesa. Rekodi mpya itaizika ile ya zamani, watoto watasahau, na Jagna hatajua kamwe.

"Nitamsoma kama binadamu," aliniambia, akaingia ndani, akavaa vipokea sauti.

Kurasa thelathini na tisa zilikwenda vizuri. Meli iling'oa nanga, dhoruba ikapita, Olek akakanyaga mchanga. Kubu anaingia ukurasa wa arobaini, na sentensi yake ya kwanza ni kwamba anataka kula.

Mzee Lucjan akavuta pumzi. "Kubu taka kula," akasema, na koo likapanda lenyewe. Nililiona linapanda, na yeye hakulituma.

"Tena," akasema.

Likapanda tena. Akanywa maji, akafungua skafu, kitu ambacho sijawahi kukiona, akajaribu kwa kusimama, akajaribu kwa kufumba macho. Mara kumi na nne. Mara ya kumi hivi alifanikiwa, sauti ikanyooka kabisa, na ikawa mbaya zaidi. Kwa sababu sasa nilisikia kwamba maneno yenyewe yamepiga magoti. Ukimsoma Kubu kwa heshima, bado anambusu bwana mdogo kiatu. Ukinyoosha sauti, mgongo wake haunyooki.

Alivua vipokea sauti akavilaza juu ya kitabu.

"Mama alikuwa akicheka hapa," alisema ndani ya maikrofoni.

"Najua."

"Alikuwa mtu mwema, Baruku. Alikuwa akiwapa mkate hata paka wa kiwandani."

"Sijasema hakuwa mwema."

"Sasa alikuwa anacheka nini?"

Nikazima mashine. Siku hiyohiyo alimpigia Bi Otylia kwamba hatasoma. Bi Otylia alicheka kwa upole. Alisema ni hasara, lakini hakuna haraka, maana ile ya zamani imesikilizwa mara laki nne tangu shule zifunguliwe, nayo haimtegemei tena.

Hapo maji yakamfika shingoni. Akaniomba nije Jumatano mapema. "Nitamwambia," akasema. "Wewe ukae tu. Nikianza kusoma kama taarifa ya habari, nikanyage mguu."

Niliketi kuanzia saa nane. Alikaanga viazi, akaunguza, akakaanga vingine. Alikuwa akifanya mazoezi jikoni, namsikia: "Jagna, kuna jambo." "Jagna, babu yako alipokuwa kijana." Kila mara alianza upya, kama tunavyofanya kazini.

Mtoto alifika kabla ya wakati. Aliingia na hakuvua viatu. Miaka yote ile sijaona mtu akiingia na viatu katika nyumba ya Mzee Lucjan, hata fundi wa mabomba. Alisimama juu ya zulia, mkoba mgongoni, viatu vina majani yaliyolowa mvua.

"Nilitaka kujua jina la yule msomaji ili niandikie watoto wake barua," alisema. "Wale wengine huwa wanaweka kipande tu cha kanda. Mimi nimesikiliza hadi mwisho kabisa, anapojitaja."

Mzee Lucjan alikuwa ameshika mwiko.

"Jagna, nilikuwa nikuambie leo. Muulize Baruku, leo hii."

"Wiki iliyopita ulikuwa umekufa."

"Niliogopa."

"Mama analia," alisema Jagna. "Baba bado hajaambiwa. Mama anasema ulifanya vile kwa ajili ya bibi mkubwa, mama yako, ili acheke. Lakini bibi mkubwa hakuijua sauti ile, alishakufa. Kitabuni hamna sauti. Uliitoa wapi?"

Mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza hilo. Miaka yote nilidhani aliibuni tu, kama mtu anavyobuni sauti ya punda. Nikageuka kumtazama, na nikaona ananitazama mimi.

"Kulikuwa na mkahawa wa bei nafuu," alisema, "karibu na bweni la wanafunzi wa kigeni. Baridi ya mwaka themanini na sita kuingia saba. Nilikuwa nakula pale. Palikuwa na mwanafunzi, Mwafrika, ndiyo kwanza anajifunza Kipolandi. Akaomba supu ya bitiruti. Yule mama wa kaunta akajifanya hasikii, akamwambia rudia. Akarudia. Akamwambia rudia tena, watu kwenye foleni wasikie. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, sauti inampanda. Watu wakacheka. Na yeye akacheka pia, hivi..." Akautazama mwiko. "Nikaichukua. Nilikuwa na kazi ya kurekodi karibuni, nikaichukua nikaenda nayo nyumbani."

"Na wewe ulicheka?" aliuliza Jagna.

"Nilicheka."

Mtoto akanigeukia. "Mjomba, ulikuwa wewe?"

Ningetoa chochote nijue. Niliuona mkahawa ule, madirisha yenye mvuke, meza za kusimamia, kijiko cha alumini. Nilitafuta uso wa mama wa kaunta nikapata nyuso tatu.

"Sijui," nikamwambia. "Nilikula pale kila siku. Sote tulikula pale, mimi, Mwethiopia mmoja, Waangola wawili. Sote tuliambiwa turudie. Sote tulicheka."

"Mbona mlicheka?"

"Tulikuwa na njaa, Jagna. Na supu ilikuwa upande wa pili."

Mzee Lucjan akaweka mwiko. Akaja mpaka mbele yangu, akaiweka mikono yake miwili juu ya meza.

"Baruku," alisema. "Nisamehe."

Sauti yake haikuwa imenyooka. Ilikatika katikati, kitu ambacho angemfukuza kijana yeyote studio kwa ajili yake. Na mimi, niliyekuwa nimetunga majibu ya siku hiyo kwa miaka thelathini na tano, mengine ya matusi ya nguoni, mengine ya kishairi kabisa, sikuliona hata moja. Lililonijia mdomoni ni lile nililofundishwa Tanga nikiwa sijaota meno, la kumwambia aliyekukanyaga mguu na aliyekuchomea nyumba. Nilishafungua mdomo.

"Mjomba," alisema Jagna, "usimwambie 'si kitu'."

Nikaufunga mdomo. Mzee Lucjan akabaki ameinama pale mezani, ananisubiri.